Je, wajua kwa nini wanafunzi wa usanifu huchora majengo ambayo hayatajengwa?

Ingia kwenye karakana ya wanafunzi wa usanifu majengo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Vipande vya kadibodi vimetapakaa sakafuni, vidole vimeganda gundi, na juu ya meza kuna kijengo kinachoning'inia kwa nyuzi mbili kana kwamba uzito ni jambo la kuambiwa tu. Nani atalijenga? Hakuna. Mteja hayupo, kiwanja hakijanunuliwa, mhandisi hajaulizwa kitu. Na mwenye kijengo hajalala siku mbili kwa ajili yake.

Kinachoning'inia pale ni hoja. Michoro ya ujenzi humwambia fundi la kufanya: nondo za unene huu, mlango wa upana ule. Mchoro wa dhana hushughulika na swali linalotangulia hayo yote, yaani jengo linataka kumfanyia nini mtu anayeingia ndani yake. Chukua maktaba. Ni ghala la vitabu, au ni baraza la watu ambalo vitabu vimo? Ukishika la kwanza, rafu zitakaa katikati na wasomaji watasogezwa pembezoni kwenye madirisha. Ukishika la pili, katikati patabaki wazi na rafu zitageuka kuta. Hata nondo haijatajwa, lakini majengo mawili tofauti yameshazaliwa. Walimu huiweka bajeti kando kwa makusudi, kwa sababu ikiingia mapema hushinda kila mabishano, na mwanafunzi huishia kuchora jengo alilokwisha kuliona.

Usidhani basi kwamba anaachiwa achore apendavyo. Fedha zimeondolewa, ila mwili wa binadamu umebaki, na ngazi ndiyo inayoumbua wengi. Katika karne ya 17 Mfaransa François Blondel aliipima ngazi kwa hatua ya mtu, na kanuni yake inatumika hadi leo: kimo cha kipandio mara mbili, jumlisha kina cha mahali mguu unapokanyaga, upate kati ya sentimita 60 na 65. Kipandio cha sentimita 17 kinataka kina cha 29 hivi. Sasa mwanafunzi wetu ana ghorofa ya mita 3.4. Anahitaji vipandio 20, na ngazi iliyonyooka itakula mita tano na nusu za sakafu. Kwenye ramani yake ameiachia mita tatu. Akichora mkato, yaani jengo lililopasuliwa wima kama mkate ili ndani paonekane, anagundua kwamba mtu atakayepanda atagonga boriti kwa paji la uso. Jopo la walimu huanzia hapo kuuliza, na halina huruma.

Mazoea haya ya kuchora yasiyojengeka ni ya zamani. Mwaka 1784 Étienne-Louis Boullée, naye Mfaransa, alichora kaburi la heshima la Isaac Newton: tufe tupu lenye kipenyo cha karibu mita 150, lililotobolewa matundu ili mchana mwanga upenye na mgeni aliye ndani aone anga la nyota. Kwa zana za wakati ule lisingewezekana. Wasanifu bado wanalitazama.

Mara nyingine, lakini, karatasi hugeuka zege. Moshe Safdie aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 1961, akiuliza kama familia inayoishi ghorofani inaweza kuwa na bustani yake. Jawabu lake lilikuwa visanduku vya zege vilivyopangwa kwa kupishana, hata paa la kimoja likawa bustani ya jirani wa juu. Yalipofika maonyesho ya dunia ya 1967 jijini Montreal, visanduku 354 vilikuwa vimepandishwa kwa winchi na kuwa makazi 158. Gharama zilipaa na mpango mkubwa ukapunguzwa, jambo ambalo bajeti ingelisema tangu siku ya kwanza. Watu wanaishi humo mpaka leo.

Maya Lin alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliposhinda shindano la kumbukumbu ya askari wa Marekani waliofia Vietnam, mwaka 1981. Michoro 1,421 iliwasilishwa, majina ya waliochora yakiwa yamefichwa. Wa kwake ulikuwa mwepesi kiasi cha kushangaza: ardhi imekatwa, na kwenye kovu lake kuta mbili za mawe meusi zimekutana na kufanya pembe. Kwangu mimi huo ndio mfano bora wa dhana, kwa kuwa unaweza kumsimulia mtu kwa sentensi moja naye akauona. Majina ya waliokufa yamechongwa kwenye kuta hizo na kupangwa kwa tarehe za vifo, si kwa alfabeti, kwa hiyo anayemtafuta ndugu yake humkuta katikati ya wenzake wa siku ile.

Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, alisubiri zaidi. Kazi yake ya kuhitimu jijini London, mwaka 1977, ilikuwa hoteli juu ya daraja la mto Thames, na aliiwasilisha kama mchoro wa rangi ambao mtu asiyejua angeutundika ukutani bila kushuku kwamba ni jengo. Mwaka 1983 alishinda shindano la kusanifu jengo huko Hong Kong, nalo halikujengwa. Wakambandika jina la msanifu wa karatasi. Jengo lake kubwa la kwanza lilikamilika mwaka 1993, kituo cha zimamoto cha kiwanda cha samani cha Vitra, Ujerumani, chenye kuta zilizochongoka kama mistari ya ule mchoro wa miaka 16 nyuma. Wazimamoto waliondoka baadaye. Siku hizi watu huenda kulitazama jengo lenyewe.