Nyoka Mgeni: Siku Ya Tatu Usimpe Jembe

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote na wafugaji wapya ni hili: "Daktari, nyoka wangu hali chakula. Anaumwa nini?" Nami huuliza kwanza, umekaa naye siku ngapi? Jibu huwa siku nne, siku sita, siku tisa.

Kijana mmoja aliniletea chatu wa kifalme, yule chatu mfupi mnene wa Afrika Magharibi na Kati anayejiviringisha kama mpira akiogopa. Alikuwa naye kwa siku tisa. Katika siku hizo alikuwa amempa panya mara nne, amemshika kila jioni ili "wazoeane", na amemhamisha kizimba mara mbili akidhani cha kwanza hakimpendezi. Nilimpima nyoka mdomo, ngozi na pumzi, nikamweka kwenye mizani. Hakuwa na ugonjwa wowote. Dawa niliyompa ilikuwa kitambaa cha kufunika kizimba pande tatu, maficho ya pili, na siku saba za kutomgusa. Siku ya nane alikula.

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa nyoka siku ya tatu ni mapema mno. Fikiria anavyoujua ulimwengu. Hana kope, kwa hiyo hawezi kufumba macho akajisahau. Hana sikio la nje, ila mtikisiko wa sakafu humfikia kupitia taya lililolala chini. Kila mlango unaofungwa kwa kishindo anauhisi. Zaidi ya yote, anaishi kwa harufu. Ulimi wake uliogawanyika ncha hukusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa, kinachoitwa kiungo cha Jacobson. Pale alipotoka alijua kila kona. Kwako, kila anachokionja kwa ulimi ni kigeni, wewe ukiwamo. Na porini nyoka mdogo ni kitoweo cha ndege na wanyama wengi, kwa hiyo mahali pasipojulikana mwili wake humwambia jifiche, usile, usijionyeshe. Hapo hakuna ukaidi wala ugonjwa.

Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla hajafika. Kizimba kiwe tayari na joto lake limewashwa siku kadhaa, ili kasoro uzione wewe kabla hazijampata yeye. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, hulitafuta. Anahitaji upande wa joto na upande wa baridi ili achague. Kwa chatu wa kifalme upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na ule mwingine 25 hadi 27. Kwa nyoka wa mahindi, mwenyeji wa kusini mashariki mwa Marekani na mwalimu mzuri kwa anayeanza, 28 hadi 30 zinatosha upande mmoja, na 22 hadi 24 upande wa pili. Weka kipimajoto pande zote mbili, chini kabisa, pale tumbo linapolala. Kile kinachobandikwa juu kwenye kioo hupima hewa ambayo nyoka wako haigusi.

Chochote kinachotoa joto kipitie kwenye thamostati, kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichoweka, tafadhali. Nimetibu matumbo yaliyoungua, na mara nyingi mwenye nyoka ananiambia, "Nilidhani likizidi atasogea." Mara nyingi hasogei. Anaweza kulalia bamba la joto linalomchoma mpaka magamba yageuke malengelenge. Yale mawe bandia yenye waya wa umeme ndani siyashauri kabisa, na taa yoyote ya joto iwekewe wavu ili nyoka asijizungushe juu yake.

Sasa maficho, ambayo nayaona muhimu kuliko ukubwa au uzuri wa kizimba. Yawe mawili, moja kila upande. Na yawe ya kubana: nyoka akijikunja ndani, mgongo na ubavu viguse kuta. Watu wengi huweka pango pana kwa moyo wa ukarimu, lakini kwake yeye pango pana ni uwanja tu wenye paa. Ukiweka ficho moja tu kwenye upande wa baridi, unamlazimisha achague kati ya usalama na joto, naye atachagua usalama. Atakaa kwenye baridi, chakula alichomeza hakitasagika, kitaanza kuoza tumboni, na baadaye atakitapika. Kisa kizima hicho huweza kuanzia kwenye kikasha kimoja kilichokosekana.

Sakafuni, kwa wiki za kwanza, tandika tishu za jikoni. Hazivutii macho, lakini utaona kinyesi kama ni kigumu au maji, utaona damu, utaona utitiri. Mbao zilizorandwa za mwerezi usitumie wakati wowote, mafuta yake yana sumu kwa reptilia. Weka bakuli zito la maji asiloweza kulipindua. Chatu wa kifalme anataka unyevu wa hewa wa asilimia 60 hivi, nyoka wa mahindi ameridhika na 40 hadi 50. Kisha kagua kifuniko: tundu ambalo kichwa kinapita, mwili nao utapita.

Akifika, mweke ndani, funga, ondoka. Kwa siku tano hadi saba mkono wako uingie kwa mambo mawili tu, kubadilisha maji na kuondoa uchafu. Usipomwona mchana kutwa, furahi. Amepata pa kujificha na anapatumia. Kinachonitia wasiwasi ni nyoka anayezunguka usiku na mchana akisukuma pua kwenye kioo mpaka inachubuka. Huyo anakuambia kuna kitu hakipo sawa, na mara nyingi ni joto au maficho.

Baada ya wiki, mpe chakula cha kwanza. Muulize aliyekuuzia nyoka alikuwa anakula nini, panya wa aina gani, wa ukubwa gani, wa kugandishwa au hai, na uanze na kilekile. Panya asizidi unene wa nyoka mwenyewe pale alipo mpana zaidi. Panya wa kugandishwa myeyushe kwenye friji usiku kucha, kisha mtie kwenye mfuko na umzamishe katika maji ya moto, si yanayochemka, mpaka awe na joto la mnyama hai. Usitumie maikrowevu, hupika ndani na kupasua tumbo. Mpe jioni kwa koleo ndefu, taa zikiwa hafifu. Asipomchukua, mwache panya mlangoni mwa maficho na umwondoe asubuhi. Panya hai siwapendekezi. Nimeshashona majeraha ya nyoka aliyeng'atwa na panya ambaye kwake alikuwa chakula.

Akikataa, ngoja siku saba ndipo ujaribu tena. Kujaribu kila siku humzidishia hofu. Mpime uzito kwa gramu, andika tarehe. Chatu wa kifalme mzima anaweza kukaa miezi bila kula na asipungue chochote cha maana. Mtoto mdogo hana akiba hiyo. Akipoteza asilimia 10 ya uzito wake, mlete. Akila, usimguse kwa saa 48. Akitapika, mpumzishe siku 10 hadi 14, rekebisha joto, kisha umpe mlo mdogo zaidi.

Kumshika huanza baada ya milo miwili au mitatu iliyotulia tumboni, dakika tano hivi kwa mara. Mguse kwanza ubavuni kwa kitu laini, aelewe kwamba hiki si chakula, kisha umbebe kwa mikono miwili kutoka pembeni. Mkono unaoshuka kutoka juu ni mwewe machoni pake. Shingo ikijikunja kama herufi S, mwache. Nawa mikono kabla na baada, kwa sababu reptilia hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila kuugua, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike.

Kama una nyoka wengine, mtenge huyu chumba tofauti kwa miezi mitatu na umhudumie mwisho. Vidoti vyeusi vinavyotembea kwenye tishu au kuelea kwenye maji ni utitiri. Mdomo unaobaki wazi, mapovu puani au sauti ya kukoroma ni dalili ya ugonjwa wa mapafu, na hapo usingoje wiki.

Kisha siku moja macho yatageuka bluu yenye ukungu na rangi itafifia. Usimguse wala usimlazimishe kula. Anajiandaa kujivua ngozi. Macho yatang'aa tena, na siku chache baadaye utaikuta imelala kizimbani. Ikunjue polepole uitazame. Iwe kipande kimoja, na kichwani uone vigamba viwili angavu vya macho. Kama kimoja hakipo, usikibandue jichoni kwa kibano. Ongeza unyevu, na umlete pamoja na ngozi yake.