Dracula hakuuawa na jua

Wengi wanaamini Dracula, yule mnyonya damu wa hadithini, akipigwa na jua anageuka majivu. Filamu na katuni za siku hizi zinairudia picha hiyo kana kwamba imetoka kwa Bram Stoker mwenyewe, mwandishi aliyembuni. Haikutoka kwake.

Katika riwaya yake ya mwaka 1897, Dracula anatembea London mchana kweupe. Mina na mumewe Jonathan wanamwona Piccadilly, amemkodolea macho msichana mrembo mwenye kofia pana, aliyeketi ndani ya gari la farasi. Kinachopungua mchana ni uwezo wake tu: hawezi kujigeuza umbo, isipokuwa adhuhuri, au jua linapochomoza na linapozama. Kinachommaliza ni visu viwili, kimoja cha shingoni, kingine cha moyoni.

Kifo cha jua kilitoka Ujerumani, kwenye filamu isiyo na sauti iitwayo Nosferatu, ya mwaka 1922. Watengenezaji hawakuwa na kibali cha kutumia riwaya ya Stoker, wakabadili majina ya wahusika. Mjane wa Stoker akawashtaki, na mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Baadhi zilinusurika.

Kwangu mimi, Dracula wa kitabuni anatisha zaidi: unaweza kupishana naye barabarani saa nane mchana.