Petroli kwenye gari la dizeli: kujazia dizeli hakuponyi

Ushauri wa vituoni ni ule ule miaka nenda rudi: gari la dizeli likitiwa petroli kimakosa, jazia dizeli, endesha, itajiishia yenyewe. Una asili yake. Injini za zamani zenye pampu ya kimakanika, kama 1HZ ya Land Cruiser, huvumilia petroli kidogo, na kwenye nchi za baridi madereva waliichanganya makusudi ili dizeli isigande.

Injini za komoni reli, yaani dizeli za kisasa ambazo pampu moja hulisha nozeli zote (vipulizia mafuta) kupitia bomba moja la presha liitwalo reli, ni habari nyingine. Pampu yake ya presha husukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya baa 1,500, na kinachoilainisha ni dizeli hiyo hiyo inayopita ndani. Petroli huondoa utelezi huo, chuma kikasagana na chuma, na unga wake ukaishia kwenye nozeli.

Kama hujawasha, usifungue hata swichi: kwenye magari mengi swichi pekee huamsha pampu ya ndani ya tenki. Sukuma gari pembeni, mwaga tenki lote, badilisha filta ya dizeli, tia dizeli safi, toa hewa kwenye mabomba ya mafuta, ndipo upige stata. Hapo umeponea chupuchupu.

Likiwa limeshatembea, mimina mafuta ya filta kuukuu kwenye chombo cheupe. Yakimetameta, pampu imeanza kulika. Fundi akitaka kubadili pampu peke yake, mkatalie. Bomba la kurudisha mafuta limeshapeleka unga ule tenkini, kwa hiyo tenki na mabomba yaoshwe, nozeli na reli vipimwe au vibadilishwe, la sivyo pampu mpya itakufa vilevile.