Pua kuonekana kubwa kwenye picha si kosa la lenzi

Watu wengi wanaoanza kupiga picha za sura wanaambiwa lenzi pana (inayoonyesha eneo kubwa, kama 24mm) inaharibu uso na lenzi ya 85mm (inayovuta vya mbali karibu) inaupendezesha, basi wanakimbilia kununua. Jamani, kinachobadilisha uso ni umbali! Ukiwa na 24mm inabidi umsogelee mtu sana ili uso ujae kwenye fremu, sasa pua ikiwa sentimita 40 toka kwa kamera masikio yako kama 52 hivi, tofauti kubwa, lazima pua ivimbe. Rudi nyuma hadi mita 2 toka kwake na hiyo tofauti ya sentimita 12 karibu haionekani tena.

Jaribu mwenyewe, simama mita 2, piga kwa 24mm halafu kwa 85mm bila kusogea, ile ya kwanza ikate ibaki uso tu, utakuta maumbo ya uso ni yaleyale, ila ubora umeshuka na nyuma hakujafifia sana.

Kwa hiyo 85mm ni nzuri kweli, inakuruhusu kukaa mbali na bado uso ukajaa, lakini kama una 50mm usihangaike, anza kwa kurudi hatua mbili nyuma.