Fidla Inayolegea Nyuzi Wakati wa Kiangazi si Lazima Iwe Mbovu

Anayepiga muziki wa nyuzi kwa mapenzi tu huko Mbeya au Iringa anaweza kuamini kwamba fidla inayolegea nyuzi kila asubuhi ni mbovu.

Ukweli ni kwamba mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Kiangazi cha Nyanda za Juu Kusini kinapokausha hewa, vigingi vya kukazia nyuzi husinyaa na kuteleza katika matundu yake, kama mpini wa jembe unavyolegea. Mvua zikirudi, huvimba hata vikagoma kuzunguka. Mpini huloweshwa maji, lakini fidla isiloweshwe kamwe, kwa sababu gundi yake ya asili huachia.

Ili kuhakikisha mwenyewe, kaza uzi wa noti ya “la” (A) hadi hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), chora alama ndogo ya penseli kwenye kigingi ikielekeana na nyingine pembeni mwa tundu, kisha uitazame kesho yake. Alama zikiachana, kigingi kimeteleza, nawe utakizungusha huku ukikisukuma ndani taratibu. Zikibaki pamoja ilhali sauti imeshuka, huenda uzi wenyewe umenyooka, jambo la kawaida kwa uzi mpya. Kikundi cha fidla mbili na ndugu zake wakubwa, viola na selo, kina nyuzi 16, nne kwa kila ala, hivyo dakika za kukaza kabla ya mazoezi hazipotei bure.