Kwa nini kung'oa uso wa saa hakukupi saa ya kiunzi?

Saa ya kiunzi ni ile ambayo mtambo wake wote uko wazi: unaona kamani, unaona magurudumu yakisukumana meno kwa meno, na mwanga unapenya hadi upande wa pili. Mara nyingi anayetajwa kuzianzisha ni André-Charles Caron, fundi saa wa Paris katika karne ya 18.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba fundi hung'oa tu uso wenye tarakimu, kazi ikaisha. Sivyo kabisa. Ng'oa uso wa saa ya kawaida na utakutana na bamba la chuma. Magurudumu mengi yako nyuma ya bamba hilo, upande wa ngozi yako, nayo yamefunikwa na vipande vingine vya chuma. Na bamba haliondoleki, kwa sababu ndilo linaloshika vijiwe vya rubi ambamo ekseli huzunguka.

Kwa hiyo fundi hukata chuma kwa msumeno mwembamba, akibakiza vijia tu kutoka kijiwe hadi kijiwe. Ni kama kubomoa kuta za nyumba ukaacha nguzo na boriti, na paa lisitikisike hata kidogo. Bamba likijipinda, ekseli hubana na saa huanza kukosea majira. Kisha kingo hupigwa tupa. Kona kali za ndani hudai mkono wa mtu, maana ncha ya mashine inayozunguka huacha mviringo.

Hapo linazuka tatizo la pili: ni saa ngapi? Mshale wa rangi ya chuma juu ya magurudumu ya rangi ya chuma ni kijiti kimoja katika mzigo wa kuni. Kukinenepesha kunasaidia kidogo. Kipake chokaa, utakiona mara moja. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hutia bamba weusi na kung'arisha mishale. Tarakimu zina uzito mdogo kuliko tunavyodhani: sisi husema saa mbili mshale ukiwa kwenye nane, wala hatubabaiki.

Hata hivyo, suluhisho ninalolipenda kuliko yote ni la tarakimu. Katika saa yao ya kiunzi iitwayo Santos, kampuni ya Kifaransa ya Cartier walichonga boriti zenyewe ziwe namba za Kirumi. Namba unayoisoma ndiyo inayoshikilia magurudumu. Toleo lao la Noctambule likapakwa rangi ya kung'aa gizani, na taa zikizimwa, mtambo wenyewe ndio unaowaka.