Boti ya malazi: tazama kinachotoka kwenye mashine na jenereta

Wenye boti za malazi wanaotia nanga kati ya Lamu, Shela na Manda hutuita mashine ikishazima. Sisi wakufunzi wa mashine za baharini tungependa kuitwa mapema. Tena mara nyingi hata hatuhitajiki: mwenye boti akizoea kutazama maji, moshi na oili inayotoka kwenye mashine yake, ataijua hali yake kabla fundi hajafungua boksi la spana.

Tuanze na maji. Mashine nyingi za dizeli zilizofungwa ndani ya boti, pamoja na jenereta zake, hupozwa kwa maji ya bahari yanayovutwa kutoka chini ya chombo na kutemwa nje pamoja na moshi. Kila unapowasha, nenda tezi, yaani nyuma ya boti, uchungulie ekzosi. Maji yatemwe kwa mikupuo, mmoja baada ya mwingine. Yakiwa machache kuliko ya jana, au ukisikia mlio wa ekzosi umekuwa mkavu na mvuke unatoka, zima papo hapo. Usingoje taa ya joto iwake.

Mara nyingi mkosaji ni impela, kigurudumu cha mpira chenye mapezi kinachosukuma maji ndani ya pampu. Kinalainishwa na maji yale yale kinayoyasukuma, kwa hiyo kikizunguka kikavu kwa muda mfupi tu mapezi huungua na kukatika. Ukikitoa, hesabu mapezi. Likikosekana moja, lisake kwenye mabomba mpaka ulipate, maana litakwenda kuziba njia ya maji mbele, nawe utabadilisha impela mpya na joto libaki pale pale. Badilisha impela kila mwaka hata kama inaonekana nzima, na nyingine uwe nayo botini.

Mkosaji wa pili ni chujio la maji ya bahari. Bamvua ikipwa na chombo kikapita kwenye maji haba, pampu huvuta mchanga na majani ya baharini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, lakini ile iliyokwisha kuingia majini haina habari na sheria. Fungua chujio kila wiki, na kila baada ya kugusa fungu la mchanga. Wenye mashine za kuning'iniza tezi wao wazisafishe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila safari. Najua maji baridi Lamu ni ya kuhesabiwa, na visima vya kwenye vilima vya mchanga Shela vina wengi wa kuwategemea, lakini pipa lililokatwa mdomo linatosha kutumbukizia mguu wa mashine na kuiendesha polepole kwa dakika chache.

Oili ndiyo inayosahauliwa zaidi kwenye jenereta, kwa sababu jenereta haisafiri. Chukua boti inayowasha jenereta saa moja jioni na kuizima saa kumi na moja alfajiri ili wageni wapate ubaridi. Hizo ni saa 10 kwa usiku mmoja, na saa 250 kwa siku 25. Gari lililokwenda kwa muda huo, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, lingekuwa limemaliza kilomita 12,500, na hakuna dereva mwenye akili ambaye angekuwa hajamwaga oili. Jenereta nyingi za dizeli hutaka oili na filta mpya kati ya saa 100 na 250. Kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Andika saa daftarini. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani: usiiwashe tena.

Mafuta yana tabu moja inayongoja kusi, upepo wa kusini unaochafua bahari. Maji na uchafu hutuama chini ya tanki miezi yote bahari ikiwa shwari. Siku boti inapotoka nje ya Shela na kukutana na mawimbi, tanki linatikisika, uchafu unapanda, filta inaziba, na mashine inazima pale pale unapoihitaji. Kwa hiyo mwaga maji ya kwenye kikombe cha filta mara kwa mara, safisha tanki kabla ya Aprili, na weka tanki likiwa limejaa chombo kinapokaa, ili unyevu usipate nafasi ya kugeuka maji.

Moshi mweusi ni mzigo mkubwa au hewa haba. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma mashine ikishapata moto ni maji, au dizeli isiyoungua. Lakini moshi wa kuogopwa kuliko yote hauonekani wala haunuki: gesi ya kaboni monoksidi. Agosti 2000, Lake Powell nchini Marekani, watoto wawili wa familia moja walikufa wakiogelea nyuma ya boti ya malazi, kwa kuwa moshi wa jenereta ulikuwa ukitoka chini ya jukwaa la tezi. Hawakuwa chumbani, walikuwa nje, majini.

Hapa kwetu kuna hatari nyingine ya kuongezea. Mkondo wa Lamu una nguvu, na chombo kilicho nangani hufuata maji zaidi ya upepo. Unalala upepo ukiingia kwa omo, yaani mbele ya boti, na moshi ukienda zake; saa nane za usiku maji yanageuka, boti inazunguka, na upepo uleule sasa unausukuma moshi kutoka tezi hadi madirishani. Jenereta ndogo ya petroli iliyowekwa sitahani ni mbaya zaidi, kwani moshi wa petroli hubeba gesi hii kwa wingi kuliko wa dizeli. Maoni yangu ni kwamba isiwashwe kabisa watu wakiwa wamelala. Funga king'ora cha gesi hii katika kila chumba cha kulala (kile cha moshi wa moto hakiitambui). Watu wawili watatu wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, msiseme ni bahari au malaria: tokeni nje kwanza, zimeni jenereta, kisha mwende hospitali.

Kazi kubwa ziwekwe Mei na Juni, wageni wakiwa haba: pandisha chombo, kagua mabomba na mikanda, badilisha zinki (vipande vinavyoliwa na maji ya chumvi badala ya chuma cha chombo) zilizolika hadi nusu. Oili chafu itie kwenye dumu, umpe fundi wa Mokowe mwenye pa kuipeleka. Isiingie ngamani, chini kabisa ya chombo panapotuama maji, kwa sababu pampu ya ngama ikiwaka itaimwaga yote mkondoni, na maji kujaa yataifikisha kwenye mizizi ya mikoko kabla ya jioni.